Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mwalimu Ajifunzie Kazini

Ndugu wanachama,

Mwaka huu kamati yenu ilishikilia jambo moja: mwalimu ajiendeleze ndani ya saa za kazi, si Jumamosi wala likizoni, baada ya kubanana kwenye feri ya Likoni.

Wazee wa hisabati na sayansi mtaukumbuka mradi wa SMASSE, wa kuimarisha ufundishaji wa masomo hayo katika shule za sekondari, ulioanza 1998 kwa ushirikiano na Japani: panga somo, lifundishe, litazame, liboreshe. Mafunzo yenyewe yalikuwa mazuri, ila yalifanyika likizoni. Shule zikifunguliwa, kila mtu na darasa lake, na mlango umefungwa.

Safari hii tuliufungua. Katika shule moja ya Kisauni, walimu wa gredi ya sita walitayarisha andalio la somo pamoja, mmoja akafundisha, wengine wakakaa nyuma, kila mmoja akimtazama mwanafunzi mmoja tu. Swali lilikuwa nusu kujumlisha theluthi. Binti mmoja akaandika 2/5, akapiga mstari chini kwa rula, akatulia kabisa. Alikuwa amejumlisha namba za juu, kisha za chini. Kwa kawaida jibu hilo hutiwa alama nyekundu ya kosa, basi. Walimu walilijadili wakati wa chai, mahamri mkononi: mbona 2/5 ni ndogo kuliko ile nusu aliyoanza nayo? Mkondo wa pili ulipofundishwa somo hilo, vipande vya karatasi vilitangulia, kanuni ikafuata. Semina ya hotelini haikufundishi hilo, hata iwe na bufee ya samaki wa kupaka.

Si kote kulikokwenda vizuri. Penye upungufu wa walimu, anayekwenda kutazama somo la mwenzake huacha darasa lake bila mtu. Na wako waliodhani wanakaguliwa. Nawaelewa, tumezoea kuona anayekaa nyuma ya darasa akiandika ni mkaguzi. Ndiyo maana kamati ilikataa fomu za alama.

Fedha ataziwasilisha mweka hazina. Ziko salama.

Baada yake italetwa hoja: tuwaombe walimu wakuu watenge vipindi viwili kwa wiki kwenye ratiba, ambapo walimu wa gredi ile ile wote hawafundishi. Gredi tisa kwa ratiba moja si kazi ndogo, kwa hiyo walimu wanaopanga ratiba nawaomba wakae mbele.