Vitabu vyako vya magari ya maksai

Mwanangu,

Leo nimeweka kwenye boksi vile vitabu vyako vya familia za zamani zinazohamia magharibi ya Marekani kwa magari ya maksai, vyote, hata kile cha bluu ulichokimwagia chai, maana umesema mjukuu wangu ameanza kuomba hadithi kabla ya kulala.

Unakumbuka tulivyofika hapa Boise, Marekani, Kiingereza changu hakitoshi hata kununua mkate, we una miaka nane unanisomea kitandani na mimi nafuata na kidole. Ile familia inafunga turubai, inaaga ndugu, inaondoka, mi nawaona sisi tunatoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu na lile begi moja. Ndo maana navipenda sana.

Ila picha zake zinadanganya. Watoto wanachorwa wamekaa juu ya gari wanapunga mikono, kumbe gari lenyewe halina springi na limejaa unga, kahawa, vyombo, kwa hiyo watu wengi walitembea kwa miguu, watoto wengine peku, kama kilomita 3,200 toka Missouri mpaka Oregon, miezi minne mpaka sita. Kule uwandani kuni hamna, mtoto anatumwa kuokota mavi makavu ya nyati ndo yapikie. Na maziwa ya asubuhi wanayafunika kwenye ndoo wanaining'iniza kwenye gari, inatikisika kutwa nzima, jioni wakifungua wanakuta siagi. Hapo ndo nilikukatisha nikakwambia bibi yako naye alikuwa anasukasuka maziwa kwenye kibuyu, ukacheka ukataka turudie ukurasa.

Sasa kuna kitu kinaniuma. Kile kitabu kimojawapo, Little House on the Prairie, kilipotoka mwaka 1935 kiliandikwa kwamba kule hakuna watu, wapo Wahindi Wekundu tu, yaani wenyeji wa Marekani. Mwaka 1953 ndo wakabadilisha, pale penye neno "watu" wakaweka "walowezi". Na ile nyumba ya kwenye kitabu ilijengwa Kansas, kwenye ardhi ya Waosage, wenyeji wa huko! Mwanangu, sisi tulipokimbia, shamba la babu yako nalo walisema halina mwenyewe, na babu alikuwa hai, amekaa kambini anahesabu miembe yake kwa vidole. Siwezi kusoma mstari kama ule nikapita tu.

Kwa hiyo msomee, tena kwa sauti zile zile ulizokuwa unanifanyia mimi, ila ukifika kwa wenyeji usiruke, simama umtajie majina yao. Mkija kiangazi ntampeleka Bonneville Point, hapa nje ya Boise kwenye ile njia ya magari ya maksai, pale ulipoingiza miguu kwenye mifereji ya magurudumu ukasema baba bado ipo, nimwoneshe na yeye, nimwambie kabla ya hayo magurudumu hapa walikuwepo Washoshone na Wabannock, na mpaka leo wapo.

Kile cha bluu nimekibandika selotepu mgongoni, mwambie akifungue taratibu.

Baba yako