Birika la chai si somo la rasilimali watu

Ndugu Mhariri,

Nimelinunua gazeti lako tangu likiuzwa shilingi 500 na sijawahi kukuandikia hata mstari mmoja. Mlipokosea jina la kata yetu nilinyamaza. Chemshabongo ilipotoka bila majibu nilinyamaza pia. Lakini ile habari ya juzi ya kozi zisizo na soko imenishinda kumeza.

Unaikumbuka. Mwandishi wako alizipanga kozi za vyuo vya kati kama muuza nyanya anavyopanga mafungu, nzima huku, mbovu kule, na usimamizi wa rasilimali watu akautupa kule kwenye mbovu. Eti ni kozi ya waliokosa pa kwenda. Basi mmoja wao ni mimi. Nimeisoma jioni kwa miaka mitatu, nikitokea stoo ya duka la vifaa vya ujenzi na vumbi la saruji bado liko kwenye nyusi. Niliingia na D zangu nne za kidato cha nne za mwaka 1999, nikaanza ngazi ya nne, yaani cheti cha awali, nikapanda ya tano, nikamaliza ya sita, ambayo ni stashahada, nikiwa na miaka arobaini na ushee. Siku ya kwanza wanafunzi wenzangu, rika la binti yangu, walisimama nilipoingia wakidhani ndiye mwalimu. Pa kwenda palikuwepo. Nilikwenda kwa sababu pale stoo niliona watu wakifukuzwa kwa mdomo jioni, asubuhi hawapo, na hakuna aliyejua hata aulize nini.

Mwandishi angeomba japo kitini kimoja asome. Angeikuta Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004: likizo ya mwaka siku 28, ya uzazi 84, ukijifungua pacha 100. Ugonjwa siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili, nusu ya pili kwa nusu mshahara. Mwalimu wetu alikuwa anakuita mbele, anakutajia mshahara wa mtu na saa zake za ziada, unazidisha kwa moja na nusu ubaoni huku darasa zima linakutazama mgongoni. Nimelia pale ubaoni, sioni aibu kusema.

Kinachooza, kama mnatafuta kinachooza, ni fildi, yale mafunzo ya vitendo kazini. Nilipangiwa wiki nane katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Chumba cha rasilimali watu kilikuwa na makabati mawili ya chuma, kompyuta moja na birika la umeme. Nikakabidhiwa birika. Afisa mwenyewe, kijana wa umri wa mdogo wangu wa mwisho, akanipa na jina: mama fildi. Mama fildi, maji yamechemka? Mama fildi, chapati za leo mbona ngumu? Hadi wiki ya tatu nilikuwa najua nani anatia tangawizi na nani ana kisukari, ila kabati sijaliona likifunguliwa. Wiki ya nne akaja mzee mmoja, dereva wa lori, kofia mkononi, na barua aliyoikunja mara nne mpaka mikunjo imeanza kuchanika. Barua ya kuachishwa kazi. Ilikuwa na siku 19, na mzee anasema hakuitwa kwenye kikao chochote kujieleza. Afisa hakuinua macho kwenye simu yake. "Mzee wangu, bosi amesafiri, njoo mwezi ujao tuone." Nami nimeshika birika, nikajikuta nasema, "Samahani bosi, lalamiko la kuachishwa kazi linapelekwa CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 30. Mwezi ujao zitakuwa zimeshapita." Pakawa kimya. Kisha akanijibu: "Mama fildi, sukari imekwisha."

Nikaenda kununua sukari. Kurudi nikamkuta mzee bado amesimama getini, hajui aelekee wapi. Nikaigeuza risiti ya dukani, nikamwandikia nyuma yake: Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, fomu namba 1, nakala ampe mwajiri, zimebaki siku 11. Akichelewa itabidi aombe kuongezewa muda kwa fomu namba 2 na kueleza kilichomchelewesha, na angeeleza nini, kwamba aliambiwa asubiri? Kama alikwenda au hakwenda sijui mpaka leo. Ninachojua ni kwamba jioni ile, kwenye kitabu changu cha fildi, sehemu ya "alichojifunza mwanafunzi leo", yule afisa aliandika: huduma kwa wateja. Akatia na mhuri. Na yeye ana shahada, Mhariri, ya chuo kikuu, tena ameitundika ukutani juu ya birika.

Na hapo sijagusa steshenari. Nje ya geti la chuo ripoti za fildi zinauzwa kama karanga. Unatoa hela, wanafungua faili, wanabadilisha jina, wanakufungia kwa kava la bluu. Mwenzangu mmoja alifanya fildi hapa hapa Morogoro, ripoti yake sura ya tatu inaeleza changamoto za ofisi iliyoko Mwanza. Akafaulu. Kwangu mimi mkaguzi wa fildi kutoka chuoni alikaa dakika kumi, akanywa chai (niliyoichemsha mimi), akasaini. Halafu mikopo ya stashahada ilipoanza kutolewa mwaka wa masomo 2023/2024, ilikwenda kwenye fani kama afya, ualimu na madini. Sisi tukaambiwa tujitegemee. Hilo nalo lingefaa ukurasa mzima, kuliko kutuhesabia soko.

Maana soko lipo. Mimi nimerudi dukani kwa tajiri yule yule. Tuko watu 14, na kila mmoja sasa ana mkataba wa maandishi kwenye jalada la kaki, na michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inakatwa na inapelekwa. Tajiri alinuna miezi miwili, sasa anawatambia wenzake.

Napendekeza hivi. Ofisi ikitaka mwanafunzi wa fildi, afisa wake kwanza akalishwe mezani, simu iwekwe pembeni, aulizwe maswali matatu ya likizo na matatu ya kuachisha kazi. Akikosa mawili, aje kwetu darasa la jioni muhula mmoja. Nafasi za nyuma zipo, karibu na dirisha lililovunjika, na D zake hatutazikagua. Mwanafunzi apewe stuli na faili moja la mtu halisi, alimalize. Birika lifungiwe kwenye kabati la chuma, maana makabati yenyewe naona hayana kazi nyingine.

Ile kilo ya sukari nilinunua kwa hela yangu. Nilipoomba kurudishiwa, afisa alinijibu kwamba taratibu za ofisi haziruhusu kulipa bila risiti.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Morogoro