Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Ardhi Yetu, Madini Yake na Mitetemo Yake

Ndugu wanachama,

Kama katiba yetu inavyoelekeza, naleta mbele yenu taarifa ya kazi za chama kwa mwaka 2025. Mapato na matumizi yamo katika taarifa ya mhazini, nami sitayagusa. Nitakaa juu ya jambo lililotawala vikao vyetu vya mwaka mzima: kwamba Tanzania, nchi yenye pwani inayoanzia Tanga hadi Mtwara, imeichunguza ardhi yake kwa bidii kubwa pale inapotafuta mali, lakini pale panapohusu usalama wa wakaao juu yake bidii hiyo imekuwa ndogo.

Mwaka huu Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, ambayo chimbuko lake ni idara iliyoanzishwa mwaka 1925, imetimiza miaka 100. Sisi tuliiadhimisha kwa namna yetu, kwa safari ya mafunzo mkoani Tanga. Ndani ya mapango ya Amboni hatukugusa kitu, kwa kuwa mahali pale panahifadhiwa. Lakini njiani tulikuwa tumeokota kipande cha jiwe la chokaa kwenye rundo la kokoto, na mmoja wetu akakikamulia ndimu. Tuliinama wote kukitazama. Vipovu vidogo vilianza kutoka taratibu pale maji ya ndimu yalipogusa sehemu iliyovunjika, na wanafunzi tuliofuatana nao wakaelewa, pasipo mhadhara, jinsi maji ya mvua yenye asidi hafifu yalivyoweza kuyala mawe yale mpaka yakawa mapango. Mawe hayo yaliwekwa na bahari katika enzi ya Jura, zama za dinosaria, wakati Madagaska ilipokuwa ikijitenga na upande huu wa Afrika na maji kuingia katikati.

Mpasuko huo ndio mama wa utajiri wa pwani. Mabonde yaliyodidimia yalijaa mashapo, tabaka juu ya tabaka, na humo ndimo ilimonaswa gesi asilia iliyogunduliwa Songo Songo mwaka 1974 na Mnazi Bay mwaka 1982. Gesi ya Songo Songo ilianza kuzalisha umeme mwaka 2004, na bomba la kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam lilikamilika mwaka 2015. Ugunduzi wa bahari kuu, ulioanza mwaka 2010, umeifikisha hazina inayotajwa na Serikali kwenye futi za ujazo trilioni 57. Kilwa kuna jasi, Wazo na Tanga kuna chokaa ya saruji, na Ruangwa, mbali kidogo na bahari, kuna kinywe (grafiti) ambacho sasa kinatafutwa kwa ajili ya betri. Habari za dhahabu ya Geita, almasi ya Mwadui na tanzanite ya Mererani mnazifahamu vyema, kwa hiyo sitazirefusha. Itoshe kusema kwamba dhahabu ya kanda ya ziwa imo katika miamba yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, na miamba hiyo, pale inapodhaniwa kuwa na faida, imetobolewa na kupimwa kwa bidii.

Sasa nije kwenye upande wa pili. Bonde la Ufa linaendelea kupanuka, na nchi yetu inapitiwa na mikono yake yote miwili. Mkono wa magharibi ndio uliotoa tetemeko la Rukwa la Desemba 1910, lenye ukubwa wa takriban 7.4, na lile la Ziwa Tanganyika la tarehe 5 Desemba 2005, lenye ukubwa wa 6.8. Mkono wa mashariki ulitikisika mwaka 2007 karibu na Ziwa Natron, muda mfupi kabla mlima wa volkano wa Oldoinyo Lengai haujalipuka. Na tarehe 10 Septemba 2016, alasiri, tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliipiga Kagera na kuua watu wasiopungua 17. Shule za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika vibaya. Naomba tulitafakari jambo hili: tetemeko la 5.9 si kubwa kwa vipimo vya dunia. Waliokufa hawakuuawa na mtikisiko wenyewe, bali na kuta za matofali zilizojengwa bila linta (boriti ya zege ipitayo juu ya milango na madirisha) na kwa udongo badala ya saruji.

Wakazi wa pwani tulikuwa tukiyasikiliza hayo kama habari za mbali, mpaka usiku wa tarehe 12 Agosti 2020. Mimi nilikuwa nyumbani, ghorofa ya tatu, jijini Dar es Salaam, muda mfupi baada ya saa mbili usiku. Vijiko vilianza kugongana ndani ya kikombe mezani, kisha pazia likayumba ilhali dirisha limefungwa. Tulishuka ngazi na majirani, wengine miguu mitupu, mama mmoja amembeba mtoto akiwa bado na povu la sabuni. Tetemeko hilo, la ukubwa wa takriban 6.0, kitovu chake kilikuwa baharini, kusini-mashariki ya jiji. Lililonitia hofu zaidi ni swali alilouliza kijana mmoja pale uani, ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kulijibu kwa uhakika: je, tukae hapa, au tuondoke ufukweni? Na hiyo ilikuwa takriban miaka 16 tu tangu mawimbi ya tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004 yaue watu 10 au zaidi hapa nchini, wakiwemo waliokuwa wakiogelea, ingawa mawimbi hayo yalichukua saa nyingi kuivuka Bahari ya Hindi. Tetemeko la karibu halitatupa saa hizo.

Kwa sababu hiyo kamati ya ufundi ilifanya mikutano na mafundi ujenzi juu ya linta, nondo na uwiano wa saruji na mchanga, na pia juu ya ardhi yenyewe: nyumba iliyo juu ya jiwe la matumbawe haitikisiki sawasawa na iliyo kwenye mchanga uliolowa wa bonde la Msimbazi, ambao ukitikiswa sana unaweza kulegea kama uji. Mafundi walitueleza wazi kwamba mwenye nyumba ndiye anayewaambia wapunguze nondo. Tuliandika pia kwa ofisi moja kuomba kumbukumbu za mitetemo ya pwani. Hadi naandika taarifa hii hatujajibiwa, nami nimewaandikia tena.

Septemba 2026 itatimia miaka 10 tangu tetemeko la Kagera. Halmashauri ya chama inapendekeza mwaka ujao tukusanye ushuhuda wa wazee na mafundi wa Bukoba, pamoja na wa wakazi wa Kigamboni, Mafia na Kilwa waliolihisi tetemeko la usiku ule wa Agosti 2020: walikuwa wapi, nyumba ni ya nini, ufa ulianzia upande gani wa ukuta. Fomu ziko kwa katibu. Naomba kila mwanachama achukue angalau mbili kabla hatujapiga kura juu ya pendekezo hili, na ya kwanza aijaze mwenyewe.