Mizimu ya Byland na ile mashine ya boti

Hamisi kaka,

Salamu kwanza, mama hajambo? Watoto? Huku Leeds wazima, baridi tu ndo inatutafuna. Najua umenuna sijapiga simu tangu matanga ya baba mdogo, utanisema ukishamaliza kusoma.

Jumapili watu wa kazini wakanibeba hadi Byland, magofu ya watawa huko Yorkshire kaskazini, jengo kubwaa la mawe halina paa, juu limebaki nusu duara la dirisha. Walihamia hapo 1177, utawala wa Henry VIII ukawafungia 1538. Nikajua tunaenda kuangalia nyasi na kondoo. Kumbe kuna mtawa wa hapo, miaka ya 1400 hivi, alichukua kitabu cha zamani chenye kurasa tupu akazijaza stori za mizimu ya vijiji vya jirani, 12 nzima, kwa Kilatini, jina lake hakuweka. Kitabu kipo London mpaka leo.

Sasa mi nilitegemea kutishwa bwana. Yupo padri wa Kirby, James Tankerlay, kazikwa hapo hapo Byland, usiku anatoka kaburini anaenda Kirby, huko akampulizia hawara yake jicho likaharibika! Abati, mkuu wa watawa wa Byland, akaamuru jeneza lifukuliwe likatupwe ziwa Gormire, na ng'ombe waliolivuta nusura wazame kwa woga. Huyo mkorofi tu. Ila wenzake wengi wanahangaika na vitu walivyoacha bila kumaliza. Kuna mmoja wa nyumba ya watawa ya Newburgh alificha vijiko vya fedha, hana amani mpaka mtu akavitoe avirudishe kwa mkuu wa nyumba hiyo. Fundi cherehani Snowball katokewa na kunguru anatoa cheche, mara mbwa mwenye mnyororo, mara mbuzi, kumbe ni marehemu anataka asomewe misa 180. Nikacheka peke yangu wenzangu wakaniona chizi.

Halafu kicheko kikakata, maana nilikumbuka mazishi, pale wanapotangaza anayemdai marehemu ajitokeze. Mi nilikuwa kwenye simu, mtandao unakatikakatika, nikasikia mtu anataja mashine ya boti kisha kelele tupu. Shangazi anasema hakuna deni lolote, ila shangazi si unamjua. Sisemi baba mdogo atakuja kunitokea Leeds na mnyororo, hiyo viza angepewa na nani, lakini toka Jumapili sina raha, nafumba macho naona vile vijiko.

Nipitie kwa fundi Salim basi, kistaarabu, shangazi asijue. Ni yeye alisimama siku ile? Alikuwa anadai mashine nzima au matengenezo tu? Imebaki shilingi ngapi, nitume mwisho wa mwezi? Na kama anasema kasamehe, kasamehe kweli au aliona haya mbele za watu? Nitumie voisi hata usiku wa manane.

Na ile elfu hamsini yangu je, unalipa sasa au mpaka uwe mbuzi?

Wako,
Juma