Jenerali ukurasa mzima, wapagazi sentensi moja

Mhariri,

Nimesoma gazeti lako miaka mingi bila kukuandikia hata mstari. Makala yenu ya Jumapili iliyopita kuhusu "jenerali asiyeshindwa", Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki katika Vita Kuu ya Kwanza, imenishinda kuimeza.

Mwandishi wenu amemsifia kuanzia Tanga, Novemba 1914, hadi Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, aliposalimu amri Novemba 25, 1918, wiki mbili baada ya vita kusimama Ulaya. Wapagazi wamepata sentensi moja: "walisaidia kubeba mizigo." Walisaidia! Watu waliokamatwa vijijini kwa nguvu! Waingereza, kwa hesabu zao rasmi, walikiri vifo vya wapagazi zaidi ya 40,000, wengi kwa maradhi na utapiamlo, si kwa risasi. Wajerumani hata hesabu kamili ya wapagazi wao hawakuweka.

Sifa hizi zilianzia wapi? Kwa jenerali mwenyewe, aliyechapisha kumbukumbu zake mwaka 1920, na kwa maofisa wa Kiingereza waliokuwa wakimfukuza. Hao nao walikuwa na sababu ya kumkweza, maana ukishindwa kumkamata mtu miaka minne, afadhali watu waamini ulikuwa ukiwinda simba. Maadui wawili wakikubaliana hivyo, sisi tunadhani huo ndio ukweli.

Mwaka jana mjukuu wangu aliandika kwenye zoezi la historia kwamba vita vile vilileta njaa ya Mtunya kule Ugogo, kwa sababu majeshi yote mawili yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kulima. Nilimsimulia mimi, kama bibi yangu alivyonisimulia. Akawekewa mkasi wa kalamu nyekundu, na pembeni: "Haimo kitabuni." Nikafunga safari hadi shuleni. Mwalimu, kijana mpole tu, akanionyesha jibu alilolitaka: Wajerumani walidumu muda mrefu kwa sababu ya uongozi bora na mbinu za vita vya msituni. Nikamuuliza, chakula cha huko msituni kilitoka wapi? Nani alikibeba? Na yule aliyenyang'anywa alikula nini usiku ule? Akanijibu, kwa adabu kabisa, "Babu, hilo haliulizwi kwenye mtihani." Nami nikiwa mzee mwenye shikamoo yangu nikatoka nimefura, sina hata wa kumgombeza.

Na maelezo yenu ya picha, nayo! Mmechapisha ofisa amebebwa kwenye machela, mkaandika jina lake na cheo chake. Wanaume wanne wenye mti mabegani ni "wenyeji". Tena si picha za zamani tu. Juzi mheshimiwa alikabidhi madawati, mkamtaja yeye, msaidizi wake na mwenyekiti wa kamati. Watoto waliokalia hayo madawati ni "baadhi ya wanafunzi".

Pendekezo langu ni dogo. Mwandishi wenu apewe mzigo wa kilo 25, autwike kichwani, atembee kwa miguu kutoka Kilwa hadi Liwale wakati wa masika, posho yake kibaba cha unga na chumvi kama ipo. Akifika salama, aandike sehemu ya pili. Kalamu na karatasi tutamchangia sisi wasomaji.

Msomaji wenu,
Dodoma