Mheshimiwa huchekwa, mwanamke hunyimwa kura

Kwa Mhariri,

Napika mahamri na mbaazi za nazi hapa Kibokoni, mwaka wa 22 sasa. Karai langu liko hatua tatu kutoka baraza wanapokaa watu wakitoka msikitini alfajiri, kwa hivyo habari za waheshimiwa hunifikia kabla gazeti lako halijafika mtaani.

Alhamisi iliyopita ilikuwa zamu ya mheshimiwa mmoja, ati ana mke wa siri Nyali. Simu ikapita mkono kwa mkono: picha ya mgongo wa mwanamke aliyevaa buibui. Angeweza kuwa hata mimi. Walicheka mpaka mmoja akapaliwa na chai. "Mwanamume ni mwanamume," akasema mzee ninayemheshimu, akataka aongezwe mbaazi. Nikamtilia, biashara ni biashara.

Lakini nilikumbuka 2022. Jirani yetu, aliyeachwa na mumewe, aligombea kiti cha wadi. Baraza lilo hilo, midomo iyo hiyo. Alionekana akishuka kwenye tuktuk usiku, basi. Dereva alikuwa mtoto wa mamake mdogo, nami namjua, lakini nani aliuliza? Kufika magharibi ana waume watatu. Siku ile hakuna aliyecheka. Walikunja nyuso, wakasema mwanamke wa namna hiyo hapewi wadi. Alishindwa. Sisemi ni kwa hilo tu, hata pesa za kampeni hakuwa nazo. Ila wako waliogeuza kura zao, na mmoja aliniambia mwenyewe huku akihesabu mahamri yake, tena mwanamke mwenzangu.

Husemwa zamani watu walikuwa na haya. Nyanya yangu aliyajua ya wakubwa wote wa enzi yake, ila alifunga dirisha kwanza ndipo asimulie. Machi 2009, Rais Kibaki alipowaita wanahabari Ikulu, Mama Lucy ubavuni, kusema mke wake ni mmoja tu, marehemu mume wangu aliongeza sauti ya redio, kisha akaizima. Tuliona aibu kama tuliochungulia chumba cha watu.

Yenye uzito hayafiki barazani. Machi 2014 wabunge wanaume walipitisha kifungu kinachomwezesha mume kuoa mwingine bila kushauriana na mkewe. Wenzao wanawake wakatoka ukumbini kwa hasira. Sheria ya Ndoa ikatiwa saini mwaka huo huo, na ndani yake imo pia kwamba kila ndoa isajiliwe, zetu za Kiislamu zikiwemo. Nani kati ya wale wachekaji anajua? Dada mmoja alinililia hapa penye karai: bwana amekufa, ana watoto wawili, cheti hana. Shahidi mmoja wa ndoa naye ameshazikwa, wa pili hajulikani aliko. Afike kwa Kadhi aseme nini? Yeye pia aliwahi kuwa picha ya mgongo kwenye simu za watu.

Kwa hivyo, Mhariri, ukiletewa picha ya mheshimiwa na mke wa siri, mtume mwandishi wako akaulize kama yule mama ana cheti. Ukiandika hilo nitaliweka gazeti lako. Hayo mengine, tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku 2017, nafungia mahamri.

Mama Mahamri,
Kibokoni, Mombasa