Usianze na notisi

Tabora, Julai

Mdogo wangu mpendwa,

Mwangaluka. Huku hatujambo, ila baridi ya asubuhi inatuchapa na vumbi ni lilelile unalolijua. Nimefurahi kusikia umeripoti salama Kigoma, nyumba umepata huko Mwanga na mawese umeshayazoea. Kilichonikera ni hilo la kidato cha tatu kukulalia darasani kwenye somo lako la historia, na la wewe kuulizia bei ya projekta kwa sababu mkubwa wako kazini anataka "zana za kisasa".

Acha projekta kwanza. Utainunua, umeme utakatika, na hata ukiwepo utawaonyesha notisi zilezile zikiwa zimewekwa ukutani. Nimeona walimu wengi wakivisifu vitu vya kuchangamsha darasa: video, maswali ya chemsha bongo, michezo ya kukimbilia ubaoni. Watoto wanacheka, kengele inalia, na ukiwauliza wiki inayofuata wanakumbuka nani alianguka. Mimi zana nzuri ya historia naipima kwa jambo moja tu: je, mtoto akiitazama atabishana na mwenzake? Kama hawabishani, hilo ni pambo.

Ninaanza na sarafu kwa sababu ndiyo iliyonisaidia zaidi. Wakati wa vita ya kwanza ya dunia Wajerumani waligonga fedha hapahapa Tabora, kwenye karakana ya reli, mwaka 1916. Zilikuwapo za heller 5 na 20 (heller ilikuwa kama senti ya rupia), na hata ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo na mlima nyuma yake. Dhahabu yenyewe ilitoka mgodi wa Sekenke. Mimi hiyo ya dhahabu sijaishika, nawe hutaishika, lakini picha zake zimejaa kwenye intaneti. Nenda steshenari, chapisha heller 20 ya 1916 na heller moja ya kabla ya vita, zikuzwe zijae karatasi, kisha zipigwe lamineti. Gawa nakala moja kwa kila dawati na usiseme neno.

Wataona wenyewe tofauti. Ya zamani ina herufi ndogo A au J, maana iligongwa Berlin au Hamburg. Ya 1916 ina T, nayo imekaa kama kitu kilichofanywa haraka. T ni nini? Mmoja atasema Tanga. Mwingine atasema Tanganyika, na huyo usimkatalie, mwulize nchi hii ilianza kuitwa Tanganyika lini. Wakitafuta watakuta 1920, chini ya Waingereza, basi haiwezekani. Ukifika hapo darasa zima limeamka. Sasa uliza: kwa nini serikali yenye viwanda vya fedha kwao Ulaya igonge sarafu kwenye karakana ya kutengeneza mabehewa? Kutoka hapo watakuletea wenyewe manowari za Waingereza zilizofunga pwani, serikali iliyokimbilia bara, askari na wapagazi waliotakiwa kulipwa. Na Septemba 19 mwaka huohuo Tabora ikaangukia mikononi mwa jeshi la Kongo ya Wabelgiji, chini ya Jenerali Tombeur. Mada nzima ya vita vya dunia katika Afrika Mashariki imeingia kupitia herufi moja, na wewe bado hujafungua kitabu.

Notisi ziandike dakika kumi za mwisho. Mtaaluma akilalamika kwamba daftari lina kurasa chache, mwonyeshe andalio la somo, umalize.

Kwako huko una utajiri ambao mimi sina. Meli ya Liemba, kwa mfano. Usiwapeleke bandarini wakapige picha na kurudi. Anza darasani, sogeza madawati, chora kwa chaki sakafuni ramani kubwa: Ulaya juu, Afrika chini, ziwa lako magharibi. Gawa darasa makundi mawili. Kundi la kwanza linasafirisha meli hiyohiyo, wakati huo ikiwa ya Wajerumani na ikiitwa Graf von Götzen, kutoka Papenburg. Iliundwa 1913, ikafunguliwa, ikatiwa kwenye masanduku kama 5,000, ikaja Dar es Salaam kwa bahari na kupandishwa bara. Reli ilianza kujengwa Dar 1905, hapa Tabora ikafika 1912, huko Kigoma mwanzoni mwa 1914. Waache wapige hesabu wenyewe: kama reli ingechelewa miaka miwili, meli ingekuwapo? Ikashushwa majini Februari 1915.

Kundi la pili linabeba boti mbili ndogo za Waingereza, Mimi na Toutou, za urefu wa kama mita 12 hivi. Hizo zilikwenda kwa meli hadi Cape Town, zikapanda treni, zikakokotwa kwa mashine za mvuke na ng'ombe kuvuka milima ya Mitumba, zikaingia ziwani upande wa Kongo. Siku ya pili ya Krismasi ya 1915 zikaiteka Kingani, meli ya Wajerumani, na Februari 1916 zikasaidia kuizamisha Hedwig von Wissmann. Wavulana hapa watapiga makofi. Waache kidogo, kisha wape kazi: andikeni orodha ya watu wote ambao mikono yao iligusa meli hizi tangu zilipotengenezwa. Wataanza na makamanda, kwa sababu ndio wenye majina. Uliza nani alifyeka njia Mitumba. Nani alibeba masanduku. Nani alichota maji ya kulishia zile mashine. Orodha itarefuka na majina yatakwisha, watabaki kuandika "mpagazi", "mpagazi", "mpagazi". Mimi naona hapo ndipo somo lilipo, kuliko kwenye mizinga.

Baada ya hapo ndipo uwapeleke bandarini, na mwenye swali aende na swali lake. Wajerumani waliizamisha wenyewe Graf von Götzen Julai 1916 wakiwa wameipaka mitambo grisi. Je, mtu anayeikimbia meli yake huipaka grisi ya nini? Waingereza wakaiibua 1924, ikarudi kazini 1927 kwa jina la Liemba. Kama siku hiyo iko majini au kwenye matengenezo, wewe ndiye utakayejua, uko huko.

Ujiji utasukumwa uende, maana kila mtu anapeleka watoto kwenye mnara wa Livingstone. Nenda, lakini nenda na karatasi mbili. Ya kwanza: Stanley aliandika kwamba walikutana Novemba 10, 1871. Ya pili: daftari la Livingstone linaweka jambo hilo siku za mwisho za Oktoba. Watu wawili walikutana, wakapeana mikono, na hawakubaliani siku! Livingstone alikuwa mgonjwa na hesabu ya siku ilikuwa imempotea, lakini usiwaambie watoto mapema. Waulize: mnamwamini nani, na kwa nini? Mtoto aliyezoea kuambiwa "andika tarehe, usikosee" anapogundua kwamba tarehe yenyewe ina mgogoro, hatalala tena. Maandishi yote mawili ni ya zamani mno, yanapatikana bure mtandaoni, ingawa ni ya Kiingereza na itakubidi uyafasiri sentensi chache kwa mkono wako.

Livingstone anaeleza pia kwamba aliyemletea habari za mgeni, akija mbio, ni Susi. Huyu Susi, mtumishi wake, ndiye baadaye aliyeisafirisha maiti ya Livingstone hadi pwani, pamoja na Chuma na wenzao. Tarehe ya Susi ni ipi? Hatuna. Unaweza kuwapa watoto waandike wanavyodhani angesimulia, ila waandike juu ya karatasi maneno "haya tumeyabuni", maana nimeona kazi za namna hii zikibandikwa ukutani na mwaka unaofuata zinanukuliwa kama ushahidi. Ukitaka sauti ya mtu wa misafara ya wakati ule kwa lugha yetu, Tippu Tip alisimulia maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili. Soma kurasa mbili tatu kwa sauti. Ni Kiswahili cha zamani lakini watoto wanakishika, na watamshika pia pale anapojisifu.

Sasa hili la Kura Tatu ni letu wa Tabora, lakini nakuazima. Unalijua kwenye notisi: Januari 1958 mkutano wa TANU ulikaa hapa kuamua kama chama kiingie kwenye uchaguzi uliowekwa na Waingereza. Kila jimbo viti vitatu, kimoja cha Mwafrika, kimoja cha Mwasia, kimoja cha Mzungu, na mpiga kura lazima achague wote watatu, la sivyo kura inaharibika. Ukiliandika ubaoni hivyo, ni mstari mmoja. Ukilicheza, ni vipindi viwili mfululizo na sauti inasikika ofisini.

Mtoto mmoja awe Mzungu, mmoja Mwasia, waliobaki wote Waafrika. Hata hapo umewapendelea wale wawili, maana nchi ilikuwa na Waafrika zaidi ya milioni 8 na Wazungu kama 20,000 tu. Tangaza kanuni ya viti vitatu. Subiri kelele. Kisha wape karatasi za kura zenye sehemu tatu, na yeyote atakayejaza sehemu moja tu, ichane mbele yake. Watakasirika kwelikweli, na hasira hiyo uitunze, ndiyo iliyokuwa ukumbini. Baadaye itisha mkutano: tushiriki au tususie? Wape nusu saa ya kujipanga na wasemaji. Usiwaambie Nyerere alisimama upande gani. Darasa langu karibu kila mara linaamua kususia, na wanajiona mashujaa.

Hapo ndipo unapoleta karatasi ya mwisho: chama cha UTP (United Tanganyika Party), kilichopendwa na gavana, hakisusii. Kama ninyi mmekaa nje, viti vinakwenda kwa nani? Kimya, halafu mabishano yanaanza upya, na sasa wanabishana kama wanasiasa. Mwishoni ndipo uwaambie: Nyerere aliwashawishi washiriki, uchaguzi ukafanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, na waliosimama kwa kuungwa mkono na TANU wakashinda, wakiwemo Wazungu na Waasia kama Bryceson na Jamal. Nakuomba jambo moja: atakayecheza Zuberi Mtemvu, yule aliyejitoa akaanzisha African National Congress, asifanywe kichekesho. Mpe mtoto mwenye akili kali kuliko wote. Hoja yake ilikuwa hoja, na darasa lisipoisikia vizuri halitaelewa kwa nini Tabora palikuwa pagumu.

Wazee nao ni hazina, lakini hapa nenda polepole. Kigoma kuna watu wanaokumbuka Operesheni ya 1972, walivyohamishiwa vijijini. Kuna familia ambazo babu alikwenda mkonge Tanga. Wape watoto maswali matano, si ishirini, na swali la kwanza liwe la kawaida kabisa: mlikuwa mnakula nini? Mzee akianza na chakula, mengine huja yenyewe. Atakayekataa kuzungumza, mtoto ashukuru na kuondoka. Na majibu yakitofautiana, ubandike yote, usichague lililo karibu na kitabu.

Kuhusu wakimbizi, uliniuliza kama uwatumie wanafunzi wenye asili ya Burundi au Kongo kusimulia. Hapana. Fundisha mauaji ya Burundi ya 1972, fundisha kambi ya Nyarugusu kuanzia 1996, fundisha kwamba Warundi waliokimbilia kwetu Ulyankulu na kule Katumba na Mishamo walipewa uraia kwa maelfu mengi mwaka 2014. Tumia ramani, tumia magazeti. Lakini usimsimamishe mtoto wa watu mbele ya darasa aeleze jinsi nyumbani kwao walivyokimbia. Akitaka mwenyewe kusema, atakufuata ofisini.

Che Guevara alivukia hapo Kigoma kwenda Kongo mwaka 1965, na wanafunzi wako wakubwa watakuuliza. Kipindi kimoja kinatosha, usije ukamaliza muhula kwake.

Jambo dogo la mwisho. Reli mpya ya Tabora hadi Kigoma inajengwa, na watoto wako watakua nayo. Waanze sasa hivi kutunza daftari la darasa: picha, tarehe, bei ya mchele wiki mafundi walipofika, nani kapata kibarua na nani shamba lake limepitiwa. Waandike na jina la mwandishi kila ukurasa. Mwanafunzi wa mwaka 2060 atabishana juu yake.

Picha za sarafu nimeshazipiga lamineti, seti nzima, nitazipakia kwenye basi la Ijumaa, na namba ya tiketi ya mzigo nitakutumia kwa simu. Bahasha ina na zile karatasi za Kura Tatu, zidurufu kabla hazijachanika. Ukipata mtu anayekuja huku, mpe dagaa kidogo, wakavu, wasio na mchanga. Wasalimie wenzako wa idara, na mama hapo nyumbani mwambie nimemuulizia.

Dada yako